Sindano Kando ya Mshipa: Jinsi Madaktari Walivyojifunza Kuona Kabla ya Kuchoma

 

Juma lililopita tulizungumza juu ya uvimbe wa shingoni kwa watoto, nikasema kwamba wakati mwingine daktari huagiza tezi iliyovimba itolewe sampuli kwa sindano. Maswali yalikuja mengi, na karibu yote yalikuwa swali moja: "Sista, si hapo shingoni ndipo ulipo mshipa mkubwa wa damu? Je, wakimchoma mtoto wangu sindano ikaingia mshipani?"

Ni swali la mama mwenye akili. Madaktari wenyewe wamekuwa na hofu hiyo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na hawakuipuuza. Leo basi nitawasimulia walivyohangaika nayo hadi wakapata njia, kwa maana mimi nikiikumbuka safari hiyo ndipo ninapopata moyo wa kumwambia mama, "Mpeleke mtoto."

Kwanza tuelewane juu ya hizo tezi. Ni vinundu vidogo vya kinga vilivyotawanyika mwilini: shingoni, kwapani, kinenani, na vingine vimejificha ndani ya kifua na tumbo. Vikivimba kwapani au kinenani wengi wetu huviita mitoki. Kazi yake ni kuchuja majimaji ya mwili na kukamata vijidudu. Mtoto akiwa na kidonda kichwani au jino bovu, tezi za karibu huvimba, kisha hunywea zenyewe. Lakini tezi huweza kuvimba pia kwa kifua kikuu, kwa virusi vya UKIMWI au kwa saratani, na kwa kuipapasa tu hata daktari bingwa hawezi kusema kwa uhakika ni ugonjwa gani.

Taabu ni mahali zilipo. Tezi nyingi zimepangwa kandokando ya mishipa ya damu, kama vibanda kando ya barabara kuu. Weka vidole viwili upande wa koo lako hapo ulipo, usikie mshipa unavyodunda. Huo ndio unaopeleka damu ubongoni. Sambamba nao upo mwingine mnene unaorudisha damu moyoni, na tezi nyingi za ndani ya shingo zimeuegemea huo wa pili.

Sasa twende mbali kidogo, katika nchi ambayo leo ni Hispania. Karibu na mji wa Cordoba aliishi daktari Mwislamu aliyeitwa Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyezaliwa mwaka 936 na kufariki mwaka 1013. Aliandika kitabu kikubwa cha tiba chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji. Mwanzoni mwa sehemu hiyo anatoa onyo. Anasimulia kwamba alimwona tabibu asiyejua mpangilio wa mwili akimpasua mwanamke uvimbe wa tezi shingoni. Yule tabibu alikata mishipa ya damu, na mwanamke akatokwa na damu mpaka akaanguka na kufa papo hapo mbele yake. Al-Zahrawi hakusema watu waache kutibu tezi. Alisema kwamba asiyejua mishipa inapita wapi asishike kisu. Jina la mwanamke yule hakuna anayelijua, lakini kifo chake kimesomwa na wanafunzi wa udaktari kwa karne nyingi, kwanza kwa Kiarabu na baadaye kwa Kilatini huko Ulaya.

Basi kwa muda mrefu watu walibaki kati ya mambo mawili: kupasua wakiwa hawaoni, au kutopasua kabisa na kutafuta muujiza. Huko Uingereza na Ufaransa iliaminika kwamba mfalme akimgusa mgonjwa wa tezi za shingo, atapona. Mwaka 1712 mama mmoja wa mji wa Lichfield alisafiri na mwanawe mdogo hadi London ili aguswe na Malkia Anne. Mtoto huyo alikuwa Samuel Johnson, ambaye baadaye alitunga kamusi mashuhuri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1755. Alipewa kipande cha dhahabu cha kuvaa shingoni, naye akakivaa maisha yake yote. Tezi hazikupona kwa kuguswa. Alipasuliwa pia, tena zama hizo hakukuwa na dawa ya ganzi, na makovu yalibaki usoni na shingoni hadi uzeeni.

Mimi humfikiria sana yule mama. Hakuwa mzembe. Alisafiri na mtoto mgonjwa safari ya siku kadhaa kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Ugonjwa wenyewe siku hizi tunauita kifua kikuu cha tezi, na kijidudu chake kilikuja kugunduliwa na Robert Koch, Mjerumani, mwaka 1882. Dawa za kukiua zilichelewa zaidi, mpaka miaka ya 1940.

Sindano, badala ya kisu, ilianza kutumika kwa njia ya kupendeza hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, na wengi hawaijui habari hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, uliwaua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria, hasa Busoga na Buganda, nao ukafika hadi pwani ya ziwa upande wetu wa Nyanza. Mojawapo ya dalili zake ni tezi za nyuma ya shingo kuvimba. Dalili hiyo ilikuwa imeandikwa na daktari Mwingereza, Thomas Winterbottom, mwaka 1803 baada ya kukaa Sierra Leone. Alieleza kwamba wafanyabiashara wa watumwa waliwakataa watu wenye tezi hizo. Kwa hiyo watu walijua tezi ina siri, ila hawakujua namna ya kuitoa.

Mwaka 1904, huko Entebbe, madaktari wawili wa kijeshi, Greig na Gray, waliishika tezi kwa vidole viwili, wakaichoma kwa sindano, wakavuta tone la majimaji na kuliweka juu ya kioo chini ya hadubini. Wakaona vijidudu vya malale vikiogelea, vikiwa hai. Ilikuwa rahisi kuviona katika tezi kuliko katika damu. Njia hiyo ikaenea Afrika nzima. Nitaongeza hapa jambo la kufurahisha: mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeondokana na malale kama tatizo la afya ya umma.

Lakini angalieni kwa nini sindano ya Entebbe haikuleta maafa. Tezi za malale ziko nyuma ya shingo, chini tu ya ngozi, na huteleza vidoleni. Mishipa mikubwa iko mbele zaidi. Vidole ndivyo vilikuwa macho, na hapo vilitosha. Je, tezi iliyolala juu ya mshipa wenyewe?

Mwaka 1930, katika hospitali ya saratani ya Memorial jijini New York, Marekani, daktari mpasuaji Hayes Martin na mtaalamu wa maabara Edward Ellis walichapisha maelezo ya kuchukua sampuli ya uvimbe kwa sindano na kuivuta kwa bomba. Martin alikuwa mtu wa vichwa na shingo, na hakupenda kumkata kila mgonjwa ili kujua tu ana nini. Sindano yao ilikuwa na unene unaozidi milimita 1. Huko Sweden, katika miaka ya 1950 na 1960, kina Sixten Franzén wa Stockholm walitumia sindano nyembamba zaidi. Leo sindano nyembamba ya kazi hii ina unene wa kati ya nusu milimita na milimita 0.7. Akina mama, ile sindano ya chanjo anayochomwa mtoto wako kliniki ina unene wa milimita 0.6 hivi. Sasa mnajua ukubwa wa kitu mnachokiogopa.

Wembamba huo ulipunguza hatari sana, kwa kuwa tundu dogo kwenye mshipa huziba likikandamizwa, kama linavyoziba unapotolewa damu mkononi. Hata hivyo daktari aliendelea kuchoma kwa kukisia. Tezi ndogo ya ndani ambayo vidole havikuifikia iliachwa, au mgonjwa alipelekwa chumba cha upasuaji.

Macho yalitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia: kiwandani. Huko Glasgow, Scotland, alikuwako daktari wa akina mama, Ian Donald. Alisikia kwamba viwanda vina mashine inayotuma sauti isiyosikika na sikio, ikapenya ndani ya chuma na kurudisha mwangwi pakiwa na ufa. Akajiuliza kama mwili nao ungerudisha mwangwi. Mwezi wa Julai 1955 alipakia ndani ya gari vivimbe vilivyotolewa kwa wanawake waliofanyiwa upasuaji, akavipeleka katika kiwanda cha Babcock & Wilcox pale Renfrew. Wenye kiwanda walimwekea pia pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Mwangwi wa uvimbe wenye maji ulitofautiana na wa uvimbe mgumu. Yeye, pamoja na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, wakatengeneza mashine ya kupimia watu, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwamo mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ilionyesha ni mfuko wa maji. Ulitolewa, naye akapona.

Mashine hiyo ndiyo mama ya ultrasaundi ile ile uliyopigwa ukiwa mjamzito, ukapakwa mafuta ya baridi tumboni na kumwona mtoto akirusha miguu. Haina miale kama eksrei. Ni sauti na mwangwi tu.

Ilibaki kuiunganisha picha na sindano. Mwaka 1972 makundi mawili yalichapisha njia ya kufanya hivyo: Hans Henrik Holm na wenzake karibu na Copenhagen, Denmark, na Barry Goldberg na mwenzake huko Philadelphia, Marekani. Walitoboa tundu katikati ya kile kifaa kinachogusa ngozi, wakaipitisha sindano hapo, ili iende ilikoelekea picha. Picha za wakati huo hazikuwa za kutembea. Zilichorwa mstari kwa mstari. Kadiri miaka ya 1970 ilivyosonga zilikuja mashine zinazoonyesha picha hai, na daktari akaweza kuitazama ncha ya sindano ikisogea ndani ya mwili, kama kamstari keupe kanakong'aa.

Tatizo moja lilibaki, nalo ndilo swali lenu. Kwenye picha ya ultrasaundi mshipa wa damu huonekana mweusi, kwa sababu umejaa majimaji. Tezi nayo huonekana nyeusi-nyeusi. Ukiukata mshipa kwa picha ya upande unaonekana duara, na tezi pia ni duara. Unawezaje kujua lipi ni lipi?

Jibu lake lilianzia Prague mwaka 1842, kwa mwalimu Christian Doppler, aliyekuwa akiwaza juu ya rangi za nyota. Wazo lake mnalijua bila kujua kwamba mnalijua. Simama kando ya barabara, matatu ije kwa kasi huku ikipiga honi. Inapokukaribia sauti ni nyembamba. Ikishakupita sauti hushuka na kuwa nzito. Kitu kinachotembea hubadilisha sauti yake. Damu nayo hutembea, tezi haitembei. Katika miaka ya 1950 Shigeo Satomura wa Osaka, Japani, alitumia sauti hiyo kupima mwendo wa moyo na damu. Kisha mwaka 1985 Wajapani wengine, Kasai na wenzake, walichapisha namna ya kuupaka mwendo huo rangi juu ya picha palepale mgonjwa anapopimwa.

Kwa hiyo leo mpimaji akibonyeza kitufe, damu inayokuja upande wa kifaa kwa kawaida hupakwa nyekundu, na inayokwenda mbali hupakwa buluu. Rangi hizo ni za mwelekeo tu, msije mkafikiri buluu ni damu mbaya. Tezi hubaki kijivu, pengine na vijimshipa vyembamba ndani yake. Akiminya kidogo kwa kifaa, mshipa mnene unaorudisha damu moyoni hulala bapa kama mpira usio na pumzi, lakini tezi hailali hivyo. Yule tabibu wa Cordoba angekuwa na rangi hizo, mwanamke yule angerudi nyumbani.

Mahali palipokuwa pagumu kuliko shingoni ni katikati ya kifua, ambako tezi zimebanana na mishipa mikubwa kuliko yote, ile itokayo moyoni. Mwaka 1959 Eric Carlens wa Sweden alieleza njia ya kupasua kidogo juu ya mfupa wa kifua na kuingiza bomba la kutazamia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ko-Pen Wang wa Baltimore alianza kuchoma kwa sindano kupitia ukuta wa njia ya hewa, bila kuona kilicho nyuma ya ukuta. Mwaka 2004 Kazuhiro Yasufuku na wenzake wa Chiba, Japani, wakachapisha matokeo ya kifaa chenye ultrasaundi ndogo kwenye ncha, kinachoshuka kwa njia ya hewa na kuonyesha tezi na mshipa kabla sindano haijatoka. Hiyo ni ya hospitali chache zenye wataalamu wake, kwa hiyo sitaikalia sana.

Sasa turudi kwa mtoto wako. Akipelekwa, hulazwa chali, kitambaa kikakunjwa chini ya mabega ili shingo inyooke. Hupakwa jeli. Mpimaji huitafuta tezi, huwasha rangi na kuitazama mishipa, kisha huchagua njia ya sindano isiyovuka mshipa. Wakati mwingine hiyo humaanisha kuingia kwa upande, mbali na pale uvimbe unapojitokeza, kwa hiyo usishangae ukiona wanachoma mahali usipotarajia. Ngozi hufishwa ganzi. Sindano huingizwa ikiwa imelala sambamba na kifaa ili urefu wake wote uonekane, na ncha ikipotea kwenye picha, mkono husimama mpaka ionekane tena. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia huenda akapewa dawa ya kumtuliza, kwa sababu kukurupuka ndiko kunakoleta hatari. Yule mkubwa ataambiwa asimeze mate wala kukohoa kwa nukta chache. Baadaye mahali hapo hukandamizwa kwa dakika kadhaa. Alama ndogo ya damu kuvilia ni jambo la kawaida. Uvimbe unaoongezeka haraka au shida ya kupumua si kawaida, mrudishe upesi.

Kabla ya kuchomwa, waambie wahudumu kama mtoto, au wewe mwenyewe ukiwa ndiye mgonjwa, anatumia aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda, au kama kwenu kuna watu wanaotokwa na damu isiyokoma. Usingoje kuulizwa.

Nawaeleza pia upungufu wake, kwa kuwa nikiwaficha mtaniona mwongo mkifika huko. Si kila hospitali ina mashine na mtu wa kuitumia kwa kazi hii, na tezi kubwa iliyo chini tu ya ngozi bado huchomwa kwa kuongozwa na vidole, nayo ni sawa. Sindano nyembamba mara nyingine huleta damu tupu isiyo na jibu, ikabidi kurudia. Na ikishukiwa saratani ya tezi zenyewe, chembechembe chache hazitoshi. Daktari atataka sindano nene inayoleta kinyama, au tezi nzima itolewe kwa upasuaji. Hapo usidhani walikosea mara ya kwanza.

Lipo neno lingine ninalolisikia sana kliniki, kwamba uvimbe ukichomwa sindano saratani husambaa. Kusambaa kwa njia ya tundu la sindano nyembamba ni jambo la nadra sana. Ninayemwogopea mimi ni mtoto aliyechanjwa chale kwa wembe juu ya tezi, au aliyepewa dawa za kifua kikuu miezi 6 kwa kukisia huku ugonjwa wenyewe ni mwingine na unaendelea kula. Wote wawili hufika kwetu wakiwa wamechelewa.

Tezi ya mtoto inayozidi sentimita 2, yaani karibu upana wa kidole gumba cha mtu mzima, na imekaa zaidi ya wiki 4 bila kunywea, ionwe na daktari. Iliyo juu ya mfupa wa mtulinga ionwe mapema, hata kama ni ndogo. Akiwa na homa za jioni, jasho la usiku au anakonda, usingoje hizo wiki.

Sampuli ikishatolewa, sehemu hupakwa kwenye vioo vya hadubini, na nyingine yaweza kuingizwa katika mashine ya GeneXpert inayotafuta kijidudu cha kifua kikuu kwa muda usiofika saa 2. Majibu ya vioo huchukua siku kadhaa. Uliza tarehe ya kuyachukua, iandikwe kwenye kitabu cha mtoto, na uache nambari ya simu inayopatikana, hata kama ni ya jirani.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumzia jino bovu na homa ya mtoto. Kwaherini.